Matairi ya Bei Rahisi: Maneno kwa Madereva na Wamiliki wa Magari wa Tabora

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, wamiliki wa magari, madereva, makondakta na matingo, mafundi wenzangu, na mama zangu wa chakula mliokubali kusogeza meza ili sisi tupate kivuli cha mwembe huu: mwangaluka! Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale mliofika kutoka Sikonge na Urambo mkiwa bado na vumbi, poleni na safari.

Mwenyekiti aliponiita alinipa swali moja tu. Alisema, “Fundi, njoo uwaambie watu ukweli, haya matairi ya bei rahisi yanafaa au yanaua?” Nikamwuliza, yapi? Akasema, “Yote, yale ya kubandikwa, yale ya mtumba, yale mapya ya bei chee.” Basi tatizo la kwanza ndilo hilo. Tunaweka vitu vitatu visivyofanana kwenye kapu moja, kisha tunagombana.

Lakini kwanza nitaje maslahi yangu, asije mtu akasema kesho kwamba hakuambiwa. Mimi nauza matairi. Mtu akinunua jipya, napata zaidi kuliko akija kuziba pancha. Kwa hiyo nikisimama hapa nikawaambia mnunue mapya ya bei kubwa basi, mna haki ya kuninyooshea kidole. Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli. Yapo matairi yaliyobandikwa upya ambayo ningeyafunga leo kwenye lori langu nikalala usingizi. Na yapo matairi yenye meno marefu, meusi, yanang'aa, ambayo nisingeyafunga hata kwenye toroli la kubebea matofali.

Nianze na haya ya kubandikwa, maana ndiyo yenye jina baya kuliko yote, na nusu ya jina hilo yanaonewa.

Tairi lina sehemu mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzitenganisha kichwani. Kuna mwili wake, yaani nyuzi, waya za chuma na ubavu, ambao ndio unaobeba upepo na mzigo. Halafu kuna mpira wa juu wenye meno, ambao kazi yake ni kuisha. Meno yakiisha, mwili mara nyingi bado una nguvu, hasa kwenye matairi ya malori, ambayo yametengenezwa tangu mwanzo kwa nia ya kubandikwa mara ya pili na hata ya tatu. Kiwandani wanalikagua tairi ndani na nje, na viwanda vizuri vina mashine za kuona hata palipoachana ndani pasipoonekana kwa jicho. Likifaulu wanalisaga mpaka lipate uso sawa, wanaziba matundu, wanaweka mpira laini wa kugandisha, wanavisha meno mapya, kisha wanalipika. Kupika si kwa lugha ya picha, ni kweli. Kwa njia moja linaingia kwenye chungu cha mvuke na shinikizo kwenye joto la nyuzi 100 na kidogo, kwa saa kadhaa. Kwa njia nyingine linaingia kwenye kalibu ya moto zaidi, karibu nyuzi 150, na meno yanachongeka humo humo. Ni kemia ile ile ya mpira na salfa ambayo Charles Goodyear aliigundua Marekani mwaka 1839. Mpira mbichi na mpira uliopikwa vinashikana mpaka huwezi kusema hiki kimeishia wapi.

Ndege kubwa za abiria duniani zinatua kila siku kwa matairi yaliyobandikwa upya, tena mwili mmoja wa tairi unabandikwa mara kadhaa. Naona kaka yangu pale nyuma anatikisa kichwa. Ni kweli kabisa. Na lile tairi linagusa njia likiwa halizunguki, ghafla linabeba tani na tani kwa mwendo ambao Scania haijawahi kuuota.

“Sasa fundi, yale magamba ya mpira tunayoyaona yametapakaa barabarani je?” Swali zuri, nalitegemea. Ukitoka hapa kwenda Nzega utayaona, ukienda Itigi utayaona, na kila mtu akiyaona anasema: hilo la kubandika limebanduka. Marekani walikuwa na malalamiko hayo hayo, mpaka idara yao ya usalama barabarani ikawapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kazi ya kuokota magamba hayo kwenye barabara kuu na kuyachunguza. Ripoti ilitoka mwaka 2008. Walikuta mabaki ya matairi ya kubandikwa na mabaki ya matairi ambayo hayajawahi kubandikwa, kwa kiasi kilichokaribiana na jinsi yanavyotumika barabarani. Na walipotafuta kilichoyaua, vilivyojitokeza sana ni vitu vya barabarani vilivyochoma au kukata tairi, na joto la tairi linalokunjwa kupita kiasi kwa sababu ya upepo mdogo au mzigo mkubwa. Gundi haikuwa mshitakiwa wa kwanza.

Lakini msitoke hapa mkashangilia. Nilichokieleza ni kazi ya kiwanda kinachokagua mwili wa tairi kabla ya kuubandika na kukataa ule mbovu. Ulaya kuna kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya jambo hili, namba 108 kwa magari madogo na 109 kwa magari ya biashara, na tairi lililopita kwenye kipimo hicho linapigwa alama ya herufi E yenye namba, ubavuni. Ukiletewa tairi la kubandikwa lisilo na jina la aliyelibandika, lisilo na tarehe ya kubandikwa, na muuzaji hatoi risiti, hapo hununui tairi la kiwandani. Unanunua ahadi ya mtu usiyemjua. Pita.

Na hata lile zuri lina mahali pake. Mimi nalifunga nyuma kwenye lori, kwenye pea, yaani yale matairi mawili yanayokaa ubavu kwa ubavu, au kwenye tela. Mbele, kwenye usukani, hapana. Sheria ya Marekani inaruhusu malori mengi, lakini kwa basi la abiria inakataza waziwazi tairi la kubandikwa kwenye magurudumu ya mbele. Wanaojua kubandika kuliko sisi wameona hivyo, nasi hatuna sababu ya kujifanya majasiri zaidi yao. Nyuma kwenye pea, moja likipasuka, mwenzake analibeba gari mpaka usimame. Mbele hakuna mwenzake. Mbele kuna wewe na usukani uliokatika kwenda upande mmoja, na huku Fuso linakuja.

Kwa Hiace na Noah sina mengi ya kusema kuhusu kubandikwa, maana matairi madogo ya namna hiyo yamekuwa adimu duniani. Mapya ya bei rahisi yameyaua kibiashara. Kinachoitwa “tairi la bei rahisi” kwa gari dogo hapa Tabora, mara tisa kati ya kumi ni mtumba. Na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tairi la mtumba halikuja hapa kwa sababu lilikuwa zuri. Lilivuliwa. Mtu fulani, Japani au Uingereza au Ubelgiji, alilitoa kwenye gari lake na akalipa fedha au akakubali hasara kuliondoa. Inawezekana aliliondoa kwa sababu gari liligongwa. Inawezekana meno yalikuwa yanakaribia mwisho. Inawezekana miaka ilipita. Wewe unayelinunua hujui ni lipi, na anayekuuzia naye hajui. Yeye ameliosha, amelipaka dawa ya kung'arisha ili nyufa zisionekane, amelipanga kando ya barabara juani. Jua lile lile linalokausha udongo wa Unyanyembe mwezi wa kumi linalikausha tairi pia.

Uzee wa tairi ni kitu ambacho wengi wetu hatukiamini kwa sababu hakionekani. Mpira unakufa taratibu kwa hewa, kwa jua na kwa joto, hata kama tairi limening'inizwa tu chini ya gari kama spea. Mafuta yaliyomo yanakauka, mpira unakuwa mgumu, na ule mshikamano kati ya mpira na waya za ndani unalegea. Meno bado yapo, marefu, mazuri. Ukipitisha kidole unaridhika.

Sikilizeni kilichotokea Uingereza, Septemba mwaka 2012. Basi lililokuwa linarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, likatoka barabarani na kugonga mti. Watu watatu walikufa. Uchunguzi ulipofanyika, tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19. Meno yalikuwepo. Kwa sheria ya siku ile halikuwa na kosa, maana sheria ilipima urefu wa meno, haikupima umri. Mama wa kijana mmoja aliyekufa pale alipigania jambo hilo kwa miaka, mpaka tarehe 1 Februari 2021 serikali yao ikapiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo ya tairi moja moja. Mabasi madogo, nasema. Hiace zetu hizi.

Kujua umri hakuhitaji fundi. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata mstari wake mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne kwenye kijiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3516 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, limwachie anayeshona katambuga. Wakati mwingine tarakimu ziko upande mmoja tu, na tairi likifungwa zinaangalia ndani, kwa hiyo soma kabla ya kulipia. Ukikuta pale mahali pamekwanguliwa au pamechomwa, usiulize kwa nini. Ondoka.

Miaka mingapi ni mingi? Baadhi ya kampuni za magari zinasema 6. Watengenezaji kadhaa wa matairi wanasema baada ya 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na 10 ndiyo mwisho hata kama halijagusa lami. Hizo ni hesabu za nchi ambazo jua lake ni la kuazima. Kwa Tabora, ambako lami mchana wa Oktoba huwezi kuikanyaga peku, mimi natumia 6 na sibishani na mtu.

Kuna jambo jingine la mtumba ambalo sijasikia likisemwa hadharani. Baadhi ya magari tunayoagiza Japani yanakuja na matairi ya theluji. Tena yana meno marefu mazuri kuliko yote, yamekatwakatwa vistari vidogo vidogo, na watu wanayagombania sokoni kwa sababu “bado mazima kabisa”. Angalia ubavuni utakuta herufi STUDLESS au picha ya mlima wenye kipande cha theluji. Mpira ule umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Hapa kwetu nyuzi 7 tunazisikia kwa watu wa Makete. Kwenye joto la Tabora unalegea, unaisha haraka, na ukikanyaga breki gari linaenda mbele zaidi ya ulivyotarajia. Halina ubaya, limepotea njia tu.

Mapya ya bei chee, yale ya majina ambayo hujawahi kuyasikia, nitayapitia kwa haraka kwa sababu hofu yangu kwao ni ndogo. Tairi jipya la kampuni usiyoijua, lenye tarehe ya karibuni, lenye alama ile ya E, na namba zinazolingana na gari lako, ni bora kuliko mtumba wa jina kubwa mwenye miaka 9. Tofauti yake na lile la bei kubwa utaiona siku ya mvua. Ulaya wanayapa matairi madaraja ya kushika barabara yenye maji, na kwa maelezo yao wenyewe, gari dogo likifunga breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kati ya daraja la juu na la chini kabisa tofauti inaweza kufika mita 18. Mita 18 ni mtoto na baiskeli yake na aliyempakia, na nafasi inabaki. Kwa hiyo ukinunua la bei chee, mvua za Novemba zikianza, punguza mwendo, uache nafasi mbele yako. Zaidi ya hapo sina neno.

Halafu kuna lile la nne, ambalo silihesabu kama tairi. Kipara kilichochongwa. Mtu anachukua tairi lililoisha, anachukua kisu cha moto, anachonga meno ndani ya mpira uliobaki. Yapo matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE ambayo yameachiwa unene wa ziada kwa kazi hiyo. Haya ya Noah na IST hayana. Unachonga mpaka karibu na waya. Vijana wangu wa kuchonga, mpo hapa, nawafahamu na kazi nyingine mnazifanya vizuri. Hii acheni. Na lile lililoshonwa ubavuni kwa uzi, likawekwa kiraka ndani na tyubu juu yake, nalo liko kundi hilo hilo. Pancha inazibwa kwenye uso wa meno, basi. Ubavu unakunjika kila mzunguko, hakuna kiraka kinachodumu pale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lenyewe. Unaweza kununua tairi jipya la bei ya juu kuliko yote mjini hapa, ukaliua ndani ya wiki moja. Na unaweza kuwa na la kubandikwa likakufikisha Mpanda na kurudi msimu mzima. Kinachoamua ni upepo na mzigo.

Tairi halibebi mzigo kwa mpira. Linabeba kwa upepo uliofungwa ndani. Upepo ukipungua, ubavu unakunjika zaidi kila linapozunguka, na kila mkunjo unazaa joto. Joto likizidi, mpira unaachana na waya. Kwa nje huoni chochote mpaka lifumuke. Watu wa malori wana kanuni kwamba tairi lililopungukiwa sehemu moja ya tano ya upepo wake lihesabiwe kama limetembea likiwa halina upepo, livuliwe likaguliwe ndani kabla ya kujazwa tena. Sisi tunajaza, tunaondoka. Halafu kuna ile desturi ya kusimama njiani jua kali, ukaona tairi “limevimba”, ukatoa upepo kidogo ili lisipasuke. Jamani! Upepo unapanda ukipata joto, hiyo ni kawaida, na waliotengeneza tairi walilijua hilo. Ukiutoa likiwa la moto, likipoa litakuwa na upungufu, na kesho litakunjika zaidi na kuchemka zaidi. Pima asubuhi, gari likiwa limelala. Pima kwa geji, si kwa teke. Tairi la pea la ndani unaweza kulipiga teke mpaka kiatu kiishe na usijue kwamba lina nusu.

Nawapa mfano mkubwa kuliko malori yetu. Tarehe 11 Julai 1991, ndege aina ya DC-8 ya kampuni ya Canada ilikuwa inawarudisha mahujaji wa Nigeria kutoka Jeddah kwenda Sokoto. Baadhi ya matairi yake yalikuwa na upepo pungufu, na mafundi walijua. Fundi mkuu alitaka yajazwe. Nitrojeni ya kujazia haikupatikana pale pale, na msimamizi wa kazi ile hakutaka ndege ichelewe. Ikaruka hivyo. Ilipokuwa inakimbia kuondoka, tairi lenye upepo mdogo lilimwachia mwenzake mzigo, mwenzake akazidiwa akapasuka, kisha na lenyewe likafuata. Rimu zikasaga ardhi, moto ukawaka, na magurudumu yakakunjwa kuingia tumboni mwa ndege yakiwa yanaungua. Wote 261 waliokuwemo walikufa.

Nimeisimulia kwa sababu watu wanaposikia “tairi liliua” wanauliza mara moja, lilikuwa la kubandikwa? Lilikuwa la bei gani? Pale jibu lilikuwa upepo, na mtu mwenye haraka aliyekuwa na mamlaka juu ya fundi.

Kuhusu mzigo, nawakumbusha jambo la hapa hapa. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wapagazi, kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ulijulikana, karibu frasila mbili, kilo thelathini na kidogo. Hata mfanyabiashara mkatili alijua akimtwisha kilo 60 hatafika Ugogo. Tairi nalo limeandikiwa frasila zake, ubavuni, baada ya saizi. Namba 91 ni kilo 615. Namba 106 ni kilo 950. Herufi inayofuata ni mwendo wake wa mwisho: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, S ni 180.

Sasa hesabu nami. Hiace inakuja kutoka kwao na tairi lenye 106 hivi, na herufi C au LT kuonyesha ni la kazi. Mtu anakwenda kwenye mtumba, anakuta la gari dogo lenye 91, rimu ni ile ile ya inchi 15, linaingia, bei imepungua. Kwa kila tairi umepoteza kilo 335. Kwa ekseli ya nyuma, kilo 670. Halafu unaiambia ekseli hiyo hiyo ibebe viti vilivyojaa, watu wa kusimama, magunia ya mchele juu ya keria na ndoo za asali chini ya miguu. Likipasuka pale Puge utasema ni mchina. Si mchina. Ni hesabu.

Mwendo nao ni hivyo hivyo. Sheria yetu imeweka kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari makubwa, na 50 kwenye makazi. Dereva anadhani imewekwa ili askari apate kazi. Joto la tairi linapanda na mwendo, na tairi lenye mzigo mkubwa na upepo mdogo likikimbizwa 110 mchana wa saa nane halina pa kupeleka joto hilo.

Nina neno kwa wamiliki, na nitaomba msinikasirikie kwa sababu wengine ni wateja wangu. Dereva ndiye anayeliona tairi kila siku. Ndiye anayejua kwamba la nyuma kushoto linashuka upepo kila usiku. Anakwambia, unamjibu, “Lete hesabu kwanza, tairi tutaangalia mwezi ujao.” Akikataa kutoka, deiwaka, yule dereva wa kibarua, yupo anasubiri funguo. Kwa hiyo anatoka. Siku likipasuka, karatasi ya polisi itaandika jina lake, halafu wewe utakuja kwenye msiba na kreti za soda. Mimi nasema hivi: katika hesabu ya kila siku, tenga ya tairi kama unavyotenga ya mafuta, isiguswe. Gari likifanya kazi msimu wa tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, lijinunulie matairi kabla ya kujenga nyumba ya mtu. Na ukimpa dereva geji, mpe na ruhusa ya kusema leo haliondoki.

Nanyi madereva, msijifiche nyuma ya tajiri kwa kila kitu. Upepo haumgharimu tajiri. Vifuniko vya vali ni vya kununua kwa chenji ya kahawa. Jiwe lililobana katikati ya pea unalitoa kwa bisibisi wakati abiria wananunua karanga. Kuchanganya kwenye pea moja tairi jipya na lililoisha, mpaka jipya linabeba mzigo wote peke yake kwa sababu ni refu kuliko mwenzake, hiyo hufanyi kwa amri ya tajiri.

Jambo dogo ambalo najua tutabishana: ukiwa na gari dogo na umepata fedha ya matairi mawili mapya tu, yaende wapi? Nyote mtasema mbele. Watengenezaji wanasema nyuma, kwa sababu kwenye mvua gari likiteleza nyuma dereva wa kawaida hawezi kulirudisha, na likiteleza mbele anapunguza mwendo tu. Nakubaliana nao, ilimradi yale mawili yanayobaki mbele ni mazima kiumri na ubavu wake hauna jeraha. Kama si mazima, hilo si swali la mbele au nyuma, ni swali la kuegesha gari.

Kwa hiyo mwenyekiti, jibu langu ni hili. La kubandikwa na kiwanda kinachojulikana, nyuma kwenye pea ya lori, lenye upepo wake na mzigo wake: ndiyo, na tuache kulitukana. Jipya la bei chee lenye namba sahihi: ndiyo, kwa adabu wakati wa mvua. Mtumba: kwa gari linalobeba abiria kwa nauli, mimi nasema hapana, hata liwe zuri vipi kwa macho. Kwa gari lako la kwenda sokoni Kachoma, ukisoma tarehe ukakuta miaka mitatu minne, ukalivua na kuliangalia ndani lisiwe na kiraka, la kiangazi na si la theluji, sawa, roho yako na mfuko wako. La kuchonga na la kushona, hapana kwa wote.

Chai iko tayari, nasikia vikombe. Lakini kabla ya kwenda kwenye meza, nimekuja na geji tatu na tochi, na kuna vijana wawili wa gereji yangu pale kwenye ile Canter ya bluu. Magari yamelala tangu asubuhi, matairi yamepoa, huu ndio wakati wake. Tutaanza na Hiace zilizoegeshwa upande wa ukuta, kisha malori. Kila dereva asome mwenyewe tarakimu nne za gari lake kwa sauti, na mwenye gari asimame karibu asikie. Spea nazo zishushwe. Mwenyekiti, naomba tuanze na ya kwako.